Unga wa Tabibu Wasaya

"Nilikula bakuli lilelile," alisema Tehmina kwa mara nyingine. "Wali wa maziwa uleule. Yeye alipoacha, nikamalizia mimi. Kama ningeweka sumu, mngekuwa mnanizika sasa hivi."

Inspekta Nuzhat Qasrani alijipepea kwa jalada la kesi. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, feni ya dari ilikuwa imesimama, na chumba cha mahojiano kilikuwa kinachemka. Juu ya meza, ndani ya mfuko wa nailoni, kulikuwa na chupa ya dawa ya kunyunyizia pamba. Polisi waliikuta stoo nyumbani kwa Tehmina, nyuma ya magunia, kifuniko kikiwa hakijafunga vizuri.

"Na hii?"

"Ya baba mkwe, Mungu amrehemu. Alikuwa mkulima. Imekaa pale tangu kabla sijaolewa."

"Kifuniko kilikuwa wazi."

"Kifuniko kimepasuka, Afande. Angalia mwenyewe."

Nuzhat alikwisha angalia. Kilikuwa kimepasuka kweli, na ndani ya mpasuko ule buibui alikuwa ameweka utando, ukakauka na kushika vumbi. Chupa hiyo haikufunguliwa juzi wala jana. Lakini hakulisema hilo, maana Koplo Shabbir, aliyekuwa akiandika maelezo karibu na mlango, alishamhukumu yule binti tangu walipomtoa darasani mbele ya wanafunzi wake. Mji wote wa Kot Mehrab ulikuwa umemhukumu. Mwalimu Tehmina amempa sumu mama mkwe wake, Mai Sharifan, mume wake akiwa kazini Muscat. Habari ya namna hiyo huwa haisubiri ushahidi.

"Mligombana," alisema Nuzhat.

"Nani hagombani na mama mkwe?"

Shabbir akacheka, kisha akakohoa kuficha kicheko.

"Mligombania nini?"

"Mambo ya nyumbani tu."

"Mambo gani?"

Tehmina akayashusha macho kwenye viganja vyake. "Ya usafi."

Muda wote wa maswali alikuwa akimtazama inspekta usoni bila kupepesa. Hili lilikuwa jibu lake la kwanza kulitoa akiwa ameinamisha kichwa. Nuzhat alitaka kuendelea hapohapo, ila simu yake ikalia. Alikuwa mkuu wa kituo.

"Wewe bado unabembelezana naye? Yule binti wa mgonjwa, Kaneez, amewajaza wanawake wa mtaa mzima langoni kwangu. Mama yao akikata roho hii ni kesi ya mauaji. Nataka karatasi za mashtaka yake mezani kabla ya adhuhuri."

"Mama yao hajafa, bwana mkuu."

"Hospitali wanasema ni suala la muda."

Nuzhat akakata simu, akasimama. "Shabbir, washa gari."

"Na huyu, Afande?"

"Mpeni maji. Na mtafutieni chumba chenye dirisha."

*

Daktari Fawad alikuwa na ndevu za siku kadhaa na kikombe cha chai kilichoota utando. Alimpokea Nuzhat mlangoni mwa wodi, akamvuta pembeni.

"Afande, sipendi kulisema hili kwa sauti. Sijui ninachokitibu."

"Si sumu ya pamba?"

"Sumu ya pamba ingebana mboni za macho zikawa kama ncha ya sindano. Angetokwa na jasho na mate, kifua kingejaa maji. Mboni zake ni za kawaida na mdomo wake ni mkavu. Vidonge vya sumu vya kuhifadhia ngano navyo vina harufu, ukishaisikia huisahau. Tumbo lake tumelisafisha, halina harufu yoyote."

"Kwa hiyo si sumu."

"Sikusema hivyo. Kuna sumu nyingi duniani. Ninachokuambia ni kwamba anatapika, tumbo linamuuma, na presha imelala chini. Namtundikia dripu, inapanda kidogo, inaanguka tena. Sukari vilevile. Ni kama kujaza maji kwenye gunia lililotoboka."

"Ana muda gani?"

Fawad akaangusha mabega. "Hivi anavyokwenda, sidhani ataiona kesho."

Mai Sharifan alikuwa amelala chali, macho nusu wazi. Uso wake ulikuwa wa duara, umejaa, mashavu mekundu, uso wa mtu aliyeshiba na kustarehe. Lakini mikono iliyotoka kwenye shuka ilikuwa myembamba kama ya mtoto, na kutoka kiwiko hadi kiganja ilikuwa na mabaka ya zambarau.

"Unaona?" Kaneez, bintiye, aliinuka kwa shida kutoka kwenye kiti. "Unaona mikono ya mama yangu? Yule mwanamke alikuwa anampiga! Andika na hilo! Kaka yangu yuko ughaibuni anavuja jasho, huku mkewe anamdunda mama yake!"

Nuzhat aliinama. Mabaka yalikuwa mengi, mengine mapya, mengine yameanza kuwa manjano. Kama aliyapata haya kwa kipigo, basi kipigo hicho kilikuwa cha kila siku. Moyo wake ukaingia baridi kidogo juu ya yule mwalimu. Alikuwa akiufikiria ule utando wa buibui na kujiuliza kama hakuwa ameharakisha kumwamini.

Muuguzi akaja kupima presha. Alifunga ule mkanda juu ya kiwiko, akaujaza upepo, akasoma, akaufungua. Pale mkanda ulipokuwa, mstari mwembamba wa zambarau ulianza kujichora wenyewe kwenye ngozi, mbele ya macho yao.

"Na muuguzi je?" aliuliza Nuzhat. "Naye nimwandike kwamba amempiga?"

Kaneez akarudi kuketi.

"Ngozi yake imekuwa laini mno," alisema Fawad. "Wazee huwa hivyo."

"Ana umri gani?"

"Hamsini na kitu," alijibu Kaneez.

Daktari na inspekta wakatazamana. Hiyo haikuwa ngozi ya mtu wa hamsini na kitu.

"Alikuwa anatumia dawa gani?"

"Niliuliza siku ile alipoletwa," alisema Fawad. "Hakuna."

"Mama yangu hajameza kidonge cha hospitali tangu azaliwe," Kaneez alisema, na ndani ya huzuni yake yote kulikuwa na fahari.

Nuzhat akatoka nje kumpigia simu mkuu wa kituo, kumwomba muda. Hakumpata. Alizunguka kwenye korido, akaenda hadi dirishani, akarudi, akajaribu tena. Alipogeuka mara ya tatu alimwona Kaneez ameketi kwenye benchi, anafungua fundo kwenye ncha ya mtandio wake. Akatoa karatasi ndogo iliyokunjwa, akaifungua, akarudisha kichwa nyuma na kuumimina unga wa kahawia kwenye ulimi. Akafuatishia maji. Alifanya upesi bila kutazama, kama mtu anavyofunga kamba za viatu.

Nuzhat aliketi kando yake. "Unakula nini, dada?"

"Unga tu. Wa magoti."

"Dawa?"

"Si dawa, mizizi! Ni wa Tabibu Wasaya wa soko la viungo. Nusu ya mji huu inatembea kwa sababu yake."

Nuzhat hakuutazama unga, aliutazama uso. Mpaka sasa alikuwa amedhani ni sura ya ukoo, mama na binti kufanana. Mashavu ya duara, mekundu. Na chini yake, viganja vyembamba.

"Una picha ya harusi yako kwenye simu?"

"Mama yangu anakufa, wewe unataka kuangalia harusi?"

"Nionyeshe, tafadhali."

Kaneez akatafuta, huku akinung'unika. Bibi harusi kwenye picha alikuwa na uso mrefu, mifupa ya mashavu imechongoka. Mama aliyesimama kando yake alikuwa hivyohivyo. Hakuna aliyekuwa na uso wa duara.

"Mlinenepa lini?"

"Baada ya kuanza unga. Tabibu anasema ni afya inarudi, inaanzia usoni."

"Mama naye alikuwa anaulamba?"

"Mimi ndiye niliyempeleka! Kila asubuhi, miaka na miaka, hajawahi kuukosa. Tabibu mwenyewe anasisitiza, usiruke hata siku moja. Ndipo yule shetani akaukusanya wote akautupa mtaroni. Eti ni uchafu, eti una madini ya risasi, amesoma kwenye simu. Mwalimu! Mama alimlilia. Wiki iliyopita hiyo."

"Na ugonjwa ukaanza lini?"

Kaneez alihesabu kwa vidole. "Siku chache baadaye. Nilikwenda kumnunulia mwingine, nikakuta duka limefungwa, tabibu amekwenda harusini mjini Multan. Amerudi jana."

"Wewe ulikuwa na wako."

"Zilibaki pakiti kidogo." Sauti yake ilishuka. "Na mimi nina magoti, Afande."

Nuzhat alinyoosha mkono. Kaneez akaichomoa karatasi moja kutoka kwenye fundo, akampa.

*

Nuzhat alimweleza habari za unga na nyuso; Fawad akauonja kwa ncha ya kidole, akatema: ulikuwa mchungu kama kidonge. Kisha akamwambia muuguzi amgeuze mgonjwa ubavu na kumfunua shingo kwa nyuma. Chini ya kisogo kulikuwa na nundu laini ya mafuta. Tumboni, muuguzi alisema baada ya kuchungulia chini ya shuka, kuna michirizi ya rangi ya biringanya.

"Kwa miezi mitatu ya masomo walitufundisha hili," alisema Fawad, na masikio yake yalikuwa mekundu. "Haidrokotisoni. Ya mshipa. Sasa hivi, kimbia!"

Muuguzi akakimbia.

"Niambie kwa lugha ya polisi," alisema Nuzhat.

"Steroidi. Mtu ameisaga kwenye huo unga. Ni dawa nzuri sana ikipewa kwa kipimo na daktari anayekufuatilia. Maumivu yanaondoka, pumzi inafunguka, kiwete anatembea. Lakini ukiinywa miaka, uso unavimba, ngozi inakuwa karatasi, mifupa inaoza, sukari inaharibika. Na kuna jambo baya zaidi. Mwili una tezi zake juu ya figo, zinatengeneza kitu hichohicho, kidogo kidogo, kila siku. Ukiletewa cha nje kila asubuhi, tezi zinalala. Siku ukikatiza ghafla, cha nje hakipo na za ndani hazijaamka. Presha inaanguka, sukari inaanguka, mtu anatapika mpaka anakwisha."

"Kwa hiyo hakupewa kitu."

"Amenyimwa."

"Na kama umekosea?"

"Sindano moja ya steroidi hiyohiyo haimuui mtu aliyefikia hali hii. Nikisubiri majibu ya maabara ndipo nitakapokuwa nimemuua." Alimgeukia Kaneez, aliyekuwa amesimama mlangoni. "Mama, nilikuuliza kama anatumia dawa yoyote!"

"Ulisema dawa," Kaneez alinong'ona. "Hukusema unga."

*

Duka la Tabibu Wasaya lilikuwa kwenye kona ya soko la viungo, kati ya muuza bizari na mshona magodoro. Watu walikuwa wamepanga foleni hadi barabarani, kwa kuwa tabibu alikuwa amekosekana siku kadhaa. Nuzhat alipita kando yao akitazama nyuso. Duara. Duara. Moja ya kawaida. Duara. Akaongeza mwendo.

Tabibu alikuwa mzee msafi, ndevu zimepakwa hina, kofia nyeupe isiyo na doa. Alimwona inspekta akaagiza sharubati ya waridi.

"Karibu, binti yangu. Mgongo au magoti?"

"Unga wa magoti una nini, mzee?"

"Tangawizi. Mizizi ya mlimani. Mengine ni siri ya babu yangu."

"Babu yako alikuwa na steroidi?"

"Sijui hilo neno la Kizungu." Alitabasamu. "Hospitali wanaona wivu. Watu wananijia wakiwa hawawezi kusujudu, kesho yake wanasujudu. Hilo ni kosa gani? Nitie pingu basi."

"Mai Sharifan yuko hospitalini."

"Nimesikia, maskini. Mkwe wake kampa sumu." Alitikisa kichwa kwa masikitiko. "Walimu wa siku hizi."

"Unawaambia wagonjwa wasiukose unga hata siku moja. Kwa nini?"

"Mizizi inataka uvumilivu."

"Na wakiukosa?"

"Maumivu yanarudi. Basi."

"Basi?"

"Basi."

Nuzhat akainywa sharubati yote, akaweka glasi juu ya kaunta. Maabara ya mkoa ingechukua wiki nyingi kusema kilichomo ndani ya karatasi ile, na yule mwalimu angekaa mahabusu wiki zote hizo. Alimgeukia koplo.

"Shabbir. Funga duka. Weka kufuli letu. Huu unga wote, mifuko yote, magunia yote, pakia kwenye gari. Kisha waambie wenzetu wapite nyumba kwa nyumba mtaani na kukusanya pakiti zote zilizobaki. Isibaki hata moja."

"Ndiyo, Afande."

Tabibu aliendelea kutabasamu, lakini mkono wake ulishika ukingo wa kaunta. "Nyumba kwa nyumba? Ya nini? Chukua wa hapa, sawa."

"Wote."

"Binti yangu, hao ni wazee. Subiri kidogo. Waache wamalize walizonazo."

"Si ni mizizi tu? Wakikosa, maumivu yanarudi, basi."

Shabbir alianza kushusha mlango wa bati. Nje watu walianza kupiga kelele. Mlango ulipofika nusu, tabibu alimdaka Shabbir mkono.

"Usiwakatizie kwa mpigo!" Sauti yake ilikuwa imekwaruza. "Watakufa! Mkiwakatizia kwa mpigo watakufa!"

Shabbir aliuachia mlango.

"Umejuaje?" aliuliza Nuzhat.

Mzee aliketi juu ya gunia la shamari. Kisha alitia mkono ndani ya gunia hilohilo, akatoa kopo kubwa la plastiki lisilo na jina, limejaa vidonge vyeupe. Alikuwa akivisaga kwenye kinu, alisema. Mwanzo alitia kidogo tu. Watu wakapona, wakaleta ndugu zao. Kulikuwa na mzee mmoja wa kijijini, miaka iliyopita, aliyeishiwa unga wakati wa mafuriko, akafa akitapika. Hapo ndipo alipojua.

"Ukaacha?"

"Ningeachaje? Ningeacha wangekufa wote." Akafuta uso kwa kofia. "Nikaanza kuwaambia wasiruke siku."

"Na ukaenda harusini."

Mzee akalisukuma kopo upande wake.

Shabbir alisogea karibu, uso umempauka. "Afande. Mama yangu anautumia." Aliliweka kufuli juu ya kaunta. "Sasa nimwambie auache au asiuache?"

Nuzhat alichungulia chini ya bati. Nje foleni ilikuwa imegeuka kundi, na kundi lilikuwa linagonga bati kwa viganja. Nusu ya mji huu, Kaneez alikuwa amesema. Mkuu wa kituo akisikia habari hii, jambo la kwanza atakaloamuru ni kufunga duka. Lilelile alilolisema Nuzhat mwenyewe dakika moja iliyopita ili kumtisha mzee.

Alimpigia Fawad.

"Usiwanyang'anye!" daktari alifoka kabla Nuzhat hajamaliza kueleza. "Asiache mtu yeyote leo! Waambie waje hapa na pakiti zao mkononi. Nitawapa vidonge vyenye kipimo kinachojulikana, niwapunguzie polepole, miezi mingi. Anayetapika, anayezimia, asisubiri foleni, aletwe mbio. Na mtu yeyote akienda hospitali yoyote, kwa jino au kwa mguu uliovunjika, aseme anatumia hiki kitu. Aseme hata asipoulizwa."

"Na mgonjwa wetu?"

"Presha inapanda." Kwa mara ya kwanza alisikika kama kijana. "Inapanda na inakaa, Afande."

Nuzhat alimfunga tabibu pingu, akamketisha kwenye gari chini ya ulinzi. Mlango wa bati aliuacha wazi. Kisha akamtuma Shabbir msikitini kuomba kipaza sauti, naye Shabbir alikwenda akikimbia, na baada ya muda mfupi sauti yake ikasikika juu ya mapaa ya soko, ikitetemeka, ikiwaita watu kwa majina ya mitaa yao. Msiutupe. Msiuache. Njooni nao hospitali. Aliyarudia maneno hayo mpaka yakakauka kooni.

*

Alasiri Nuzhat mwenyewe alimtoa Tehmina kituoni na kumpeleka hospitalini. Njiani alimweleza. Yule mwalimu alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Kwa hiyo ni mimi."

"Uliutupa kwa sababu ulidhani unga unamdhuru. Na unga ulikuwa unamdhuru kweli."

"Kwa hiyo ni mimi," alirudia Tehmina.

Uwanja wa hospitali ulikuwa umejaa. Wazee kwenye vitanda vya kamba, wanawake wenye nyuso za duara, kila mmoja ameshika karatasi yake iliyokunjwa. Mama yake Shabbir alikuwa mmojawapo, amevaa viatu vya harusini, analalamika kwamba mwanawe amempigia kelele msikitini kama muuza viazi. Wodini, Mai Sharifan alikuwa amefumbua macho na kuomba chapati. Alipomwona mkwe wake mlangoni alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Umekonda," alisema kwa sauti hafifu. "Kaneez yuko wapi?"

Kaneez alikuwa nje, kwenye foleni, ameegemea ukuta. Magoti yake yalikuwa yanatetemeka, na mbele yake kulikuwa na watu wengi. Alimwona Tehmina akija, akageuzia uso upande wa pili.

Tehmina alivuta kiti kutoka korido, akakiweka nyuma yake.

"Kaa, wifi. Nipe karatasi yako, nitasimama mimi."

"Sisemi na wewe," alisema Kaneez.

Lakini alimpa karatasi, akaketi.